Gauni la Kijani Kwenye Kamba ya Mitumba

Wazee wa mtaani kwetu Mabatini waliendelea kuziita nguo za mitumba "kafa Ulaya" hata miaka ya tisini, soko huria lilipokwisha kutuletea marobota ya kila aina. Waliamini mwenyewe kafa huko, ndugu wakagawa, sisi tukaletewa. Mimi niliyeziuza pamoja na shangazi yangu nilikuwa na udadisi wangu: robota likifunguliwa, kabla sijatazama rangi, napekua mifuko. Niliwahi kukuta tiketi ya basi, leso yenye herufi mbili za kutarizi, na orodha ya vitu vya kununua dukani. Nilijiuliza siku nzima kama huyo mtu alivinunua vyote au alisahau kimoja. Shangazi akaniambia niache upekuzi, nifue.

Kufua ilikuwa lazima, maana mtumba usiofuliwa hunuka dawa mpaka mnunuzi akapiga chafya. Tulianika kwenye kamba nyuma ya nyumba, jioni nakunja, asubuhi napeleka sokoni. Jioni moja nilikuta kwenye kamba gauni la kijani lenye kola ya duara na vifungo vya kioo. Lebo halikuwa nayo, na pindo lake lilishonwa kwa mkono, kwa subira ambayo sikuwahi kuiona katika robota lolote. Nilipaswa kushtuka hapo. Badala yake nilikaza kifungo kimoja kilicholegea, nikalipiga pasi, na kesho yake nikalitundika mbele kabisa. Halikumaliza hata saa moja. Alilichukua binti mmoja wa Pasiansi, akaniambia kwa furaha kwamba Jumapili ataimba nalo kwaya.

Kumbe lilikuwa gauni la bibi yangu, mama yake shangazi. Alikuwa amevuka kutoka Kamanga kwa kivuko mimi nikiwa sokoni, akaliacha lifuliwe litoke harufu ya sanduku. Marehemu babu alimshoneshea kwa fundi wa mjini mwaka ambao pamba ilikubali, na bibi alikwisha kuwaambia watoto wake wote kwamba akifa azikwe nalo. Shangazi hakufikiria kuniambia; hakuona mtu angewezaje kulichanganya na mitumba. Kwangu mimi, na sisemi ili nijitetee, kila nguo iliyokuwa kwenye kamba ile ilikuwa ya biashara.

Bibi aliponijia juu alisema nimeuza sanda yake. Nililia. Lakini ndiyo tabia yangu, hata katikati ya kilio nikamuuliza tofauti ni nini, maana na yale mengine yote yalikuwa na wenyewe.

"Wenyewe hamuwajui," alisema. "Mimi unanijua. Utanipeleka nikachukue gauni langu."

Jumapili tulisimama nje ya kanisa kule Pasiansi, mimi na mfuko mkononi. Kwaya ilipotoka niliiona ile kijani kabla sijauona uso. Binti alimwamkia bibi shikamoo, nami nikamweleza kwa aibu kwamba niliuza gauni la mtu kwa makosa. Habari ya kuzikwa sikuitaja. Alishika kola kama anayetaka kuificha, akasema amelipunguza kidogo kiunoni, ila tukimsubiri akabadilishe atalirudisha. Kisha akasema polepole kwamba hajawahi kuwa na nguo inayofanya watu wamuulize kashonewa wapi.

Bibi akamwambia ageuke. Alipitisha kidole kwenye mshono wa mgongoni, akauvuta kidogo kuujaribu. Akauliza kama halimbani kwapani. Akamwonyesha kifungo cha juu, kwamba kinafungwa kwanza kile cha ndani ndipo hicho, la sivyo kola inakaa upande. Halafu akaanza kumsimulia ule mwaka wa pamba, na harusi ya kaka yake aliyocheza nalo mpaka miguu ikavimba. Binti alisikiliza, akauliza harusi ilikuwa wapi, ngoma gani ilipigwa. Sikuwahi kumuuliza bibi hata moja kati ya hayo. Niliufungua mfuko nikingoja.

"Baki nalo, mjukuu wangu," bibi alisema. "Mimi ningelivaa mara moja tu, tena nimelala."

Binti alicheka, akidhani ni utani wa kizee. Mimi sikuweza.