Uji wa Moto, Bakuli la Baridi

Waliomwita Mama Kiganja hawakukosea. Miaka yote aliyopika katika jiko la shule ya bweni, hakuonja chakula ili kujua kama ni cha moto. Alibandika kiganja ubavuni mwa sufuria, kisha akatoa amri: pakueni, au subirini. Sufuria haikumdanganya hata mara moja.

Lililomdanganya ni hili dude la maikrowevu. Mwanawe alilileta nyumbani, akaliweka juu ya kabati, akamwonyesha kitufe: "Mama, bonyeza hapa tu, basi." Somo zima likaishia hapo, kwa mtu anayeachiwa mjukuu kutwa!

Asubuhi ile akampashia mjukuu wake uji. Mashine ikanguruma, ikalia. Akabandika kiganja kwenye bakuli la plastiki, akalikuta vuguvugu tu. Akachota kijiko cha katikati, akamlisha. Mtoto akapiga ukelele uliomtoa mkwewe, mama wa mtoto, bafuni na povu la sabuni masikioni.

Walirudi kutoka kwa daktari, mtoto akiwa na lengelenge kwenye ulimi. Mwanawe hakungoja hata kuvua viatu.

"Mama, kuanzia leo usimlishe tena. Tutatafuta mtu."

"Mtu! Kwani mimi ni nani humu, kiti?"

Mkwe akaingilia kati kwa upole. "Mama, hii mashine haina moto. Inatoa mawimbi yanayotikisa maji yaliyomo kwenye uji, na huko kutikisika ndiko kunaleta joto. Plastiki haina maji, kwa hiyo bakuli linapata joto la kuazima tu. Na uji wenyewe haupati moto sawasawa, hapa vuguvugu, pale unaunguza. Lazima ukoroge, usubiri kidogo, halafu uonje."

Mama Kiganja akamgeukia mwanawe.

"Wewe ulikuwa unayajua haya?"

"Nilijua, Mama. Nilidhani..."

"Ulidhani! Wanasema kuuliza si ujinga. Sawa, lakini ningeulizaje jambo nisilojua kama lipo? Umeketi na elimu yako kimya, mtoto ameungua, na wa kufukuzwa ni mimi!"

Haki ilikuwa yake, na mwanawe aliiona. Akainamisha kichwa. "Nisamehe, Mama. Kosa ni langu. Utaendelea kumlisha wewe."

Jioni Mama Kiganja akapasha uji kwa mashine ileile, maana hakuwa mtu wa kushindwa na sanduku. Akakoroga mpaka chini, akasubiri, akaonja. Kisha akaketi mkekani, hasira bado inamchemka kifuani, akanyoosha kijiko.

Mtoto akaziba mdomo kwa mikono yote miwili, akarudi nyuma mpaka akagota kwenye miguu ya mama yake.

"Umepoa, mjukuu wangu. Tazama." Mama Kiganja akala kijiko kile mwenyewe, akachota kingine.

Mtoto hakuondoa mikono.