Fataki za Harusi ya Leona

Watu wa Velda wakitaka kumsifu mama yangu, Ottilie Wasinger, husema alikuwa mwanamke asiyejua woga. Uongo mtupu. Mama alikuwa mwoga kupindukia. Baba akichelewa kurudi kazini, mama chakula hakimpiti kooni, na kila treni iliyopita nyuma ya nyumba yetu aliisikiliza mpaka behewa la mwisho, amesimama na mwiko mkononi. Nawe ungeolewa na mnyapara wa reli huku Kansas ya magharibi, ungesikiliza.

Mji wetu ulizaliwa na reli. Kwanza palikuwa na tangi la maji ya injini, watu wakaja wakajenga stesheni, halafu ghala la ngano, halafu kanisa. Tulikula kwa reli, tukazikana kwa reli, na binti akiolewa, treni ndiyo iliyomchukua. Hapo ndipo ilipoingia ile desturi yetu, ambayo mimi siwezi kuisikia ikisifiwa nikanyamaza.

Reli ina fataki zake. Ni vidude bapa vya baruti, unavifunga juu ya chuma, gurudumu likivikanyaga vinalia. Viwili vikilia, dereva anajua mbele kuna hatari, apunguze mwendo na awe tayari kusimama. Sasa watu wetu, kwa kupenda raha, wakaanza kuzipanga nyingi mbele ya stesheni siku ya harusi. Treni inaingia kumchukua bibi harusi, zinalia mfululizo, dereva anajibu kwa honi ya madaha, watu wanacheka. Kanuni ilikataza, lakini nani angemnyima bibi harusi furaha yake?

Leona, binti wa mwenye duka, aliolewa msimu ule wa vumbi, mvua zilipotukimbia na mashamba kupeperuka. Yeye na mumewe walikuwa waondoke na treni ya alasiri, itokayo magharibi. Alikuwa ameshamtambia kila mtu kwamba fataki zake zitazidi za binamu yake, na dereva, mzee Hanratty, alishaambiwa ajiandae. Hanratty alikuwa mtu wa mzaha, akaahidi honi ambayo Velda haijapata kuisikia.

Asubuhi ya harusi baba akazifunga mbele ya stesheni fataki zote alizokuwa nazo. Zote. Halafu akaitwa: reli imepata ufa huko magharibi, karibu na kijito kikavu. Akapanda kiberenge na vijana wake kwenda kuibadilisha kabla ya treni kufika. Mama alimuuliza kama amechukua kila kitu. Baba akamjibu kwamba mbingu ni nyeupe, bendera nyekundu inaonekana mpaka Colorado.

Saa nane vumbi likaja. Lilikuja jeusi, limeziba upande mzima, na kuku wakaenda kulala. Mimi nilikuwa natundika mashuka mabichi madirishani, mama akageuka kufunga mlango, akauona mfuko wa fataki umening'inia kwenye msumari wake. Akaushika. Mwepesi. Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile.

Akanituma stesheni niwaambie wapige simu ya waya treni izuiwe. Nikapapasa ukuta kwa ukuta mpaka nikafika. Steshenimasta alikuwa ameshajaribu, lakini umeme wa vumbi ulikuwa umeivuruga waya, inatema cheche tu. Nilipotoka nikamkuta mama amepiga magoti relini, anazing'oa fataki za Leona moja moja na kuzitia mfukoni. Mwenye duka alikuwa amesimama juu yake na suti yake ya harusi.

"Ottilie, unamharibia mwanangu siku yake," akasema.

"Mwanao anaolewa leo," mama akajibu bila kuinua kichwa. "Mimi sitaki kufiwa leo."

Akajifunga kitambaa kibichi mdomoni akaondoka. Yaliyofuata nayasimulia alivyoyasimulia mwenyewe, na alikuwa hayasimulii mpaka umbane.

Alitembea huku mguu mmoja ukiisugua reli asipotee. Kila hatua aliiona treni kichwani mwake. Alipowafikia akina baba, pengo walipoing'oa reli yenye ufa lilikuwa bado wazi. Reli mpya imelala kando, vijana wanakohoa, hawaoni hata nyundo zao. Baba aliuona mfuko, akanyoosha mkono auchukue. Mama akamwambia abaki afunge reli yake, maana bila yeye wale vijana wasingejua hata waanzie wapi. Akapita.

Mbele zaidi akamkuta Eusebio Terrazas, mshika bendera, akipunga bendera ambayo hata yeye mwenyewe hakuiona. Wakasonga mbele wote wawili kadiri walivyothubutu, wakafunga fataki mbili, wakashuka kando ya tuta. Na hapo, mama alisema, ndipo alipoikumbuka harusi. Maana Hanratty alikuwa anasubiri fataki. Siku nzima alikuwa anazisubiri. Akizisikia, atacheka.

Reli ikaanza kuimba. Injini ikatokea kwenye lile giza ghafla, ikawapita. Paa! Paa! Na papo hapo honi ikajibu: ndefu, yenye mbwembwe, inapanda na kushuka. Honi ya harusi.

"Señora, hasimami," Eusebio akasema.

Mabehewa yalikuwa yanapita, moja baada ya jingine, kuelekea kwa mumewe. Halafu breki zikalia, zikalia mno, na kukawa kimya.

Hakujua imesimama wapi. Kabla ya pengo au ndani yake, nani angemwambia? Alitembea akigusa mabehewa, anaomba Baba Yetu kwa Kijerumani cha kwao, anapotea katikati na kuanza upya. Ndani abiria walikuwa wanagonga vioo, hakuwaangalia. Alipofika kwenye injini, mkono wake ukaenda mbele ya chuma ukagusa koti. Lilikuwa la baba. Alikuwa amesimama na spana yake mbele ya injini, na nyuma ya visigino vyake pengo liko wazi.

Hanratty akashuka, uso umempauka. "Nikapiga honi," akasema. "Halafu nikajiuliza, huku porini nani anaolewa, sungura?"

Hakuna aliyecheka. Mama alimtupia baba mfuko kifuani, akamwambia, "Huu ni wako," akageuka akarudi nyumbani kwa miguu. Leona aliondoka kesho yake bila mlio wowote, na hakutuandikia kamwe.

Watu wakisema ajali haina kinga, mama alikuwa ananuna. Kinga ilikuwepo, alisema, ilifungwa mbele ya stesheni watu wacheke. Tangu hapo mabibi harusi wa Velda waliagwa kwa kugonga sufuria.

Mimi niliolewa vita vilipokwisha. Baba alikuwa amezeeka lakini bado mnyapara, akaja kuniaga stesheni moja kwa moja kutoka kazini, mfuko wake wa fataki begani. Watu waligonga sufuria mpaka masikio yakaniuma. Treni ikaingia, nikamgeukia mama, nikafungua mikono yangu. Akanipita. Alikwenda kwanza kwa baba, akaupapasa ule mfuko kwa nje mpaka akaridhika kwamba umejaa. Ndipo akarudi kunibusu.