Detekta Yenye Adabu

Serafina, Mama Loveness, alikuwa fundi wa redio pale Ushirombo, na kama hukujua, angekujulisha mwenyewe kabla hujaketi. Redio zilipoadimika akahamia kwenye detekta za dhahabu, zile zinazopitishwa juu ya ardhi zikalia. Mtu asikudanganye kuwa ni kazi ya kuchomelea waya tu! Ndani mna chipu inayosikiliza ardhi, na mna prosesa inayoiuliza chipu imesikia nini. Bila programu ndogo ya kuwaongoza, iitwayo draiva, ni mabubu wawili wanaotazamana.

Mzee Mwigulu, mkuu wa kikundi cha wachimbaji, alileta detekta yenye prosesa iliyoungua. Serafina akapachika ya aina nyingine, akaandika draiva mwenyewe, siku nne, uji ukiungua jikoni.

"Mayu, ikitudanganya," Mwigulu alisema akiichukua, akimwita mama kwa Kisukuma, "machimbo yote yatajua wewe si fundi."

Maneno hayo yalimkaa kichwani. Jina likichafuka machimboni, ni kurudi Kolandoto kupalilia mpunga wa kaka yake, na kaka mwenyewe ana mdomo huyo!

Siku tatu zikapita bila habari ya detekta. Akashindwa kuvumilia, akapanda bodaboda hadi machimboni. Akamkuta kijana wa Mwigulu, Luka, anapitisha detekta. Ikalia. Luka akarudi hatua moja nyuma, akachimba hapo, akaibuka na punje ya dhahabu.

"Shikamoo, mzee," Serafina alimwambia Mwigulu aliyesimama kando. "Mbona anarudi nyuma?"

"Marahaba, mayu. Mashine yako ina adabu. Dhahabu ni mkubwa, haimpigii kelele usoni. Inampisha kwanza, ndipo inalia."

Lo! Serafina alitamani ardhi immeze. Chipu ile, ukiiuliza swali jipya, inakupa kwanza jibu la swali lililopita, na yeye alikuwa akilipokea kama jibu jipya. Prosesa ilikuwa inakula kiporo siku zote. Lakini kukiri? Thubutu! Akasema anaichukua akaifute vumbi. Bandani akaongeza mstari mmoja wa kutupa lile jibu la zamani, na detekta ikalia juu ya dhahabu yenyewe. Draiva safi, kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya. Akairudisha bila kusema alichobadilisha.

Siku ya pili wakaja wachimbaji wote, matope hadi magotini. Mwigulu akaitua detekta mezani.

"Mashimo kumi na saba, mayu. Matupu! Umeiharibia nini mashine yetu?"

Ikabidi aseme. "Mzee, mwanzo ndiyo ilikuwa na kosa. Nimelitoa. Sasa chimbeni pale pale inapolia, msirudi nyuma."

"Kosa lilitupa punje sita," Mwigulu alijibu taratibu. "Marekebisho yako yametupa mashimo. Fundi ni yupi hapo?"

Watu walishajaa mlangoni. Serafina alianza kueleza habari za chipu na jibu lililopita. Mmoja akapiga miayo. Akatazama nyuso zile, akaiona Kolandoto na jembe. Basi akafungua kompyuta na, moyo ukimuuma kweli kweli, akaufuta ule mstari.

"Wabeja, mayu!" Mwigulu alishukuru kwa furaha. "Huyu ndiye fundi."

Kufikia Jumamosi vikundi vitatu vilikuwa vimepanga foleni na detekta nzima kabisa, wakitaka nazo zifundishwe adabu.

"Wekeni hapo," Serafina alisema kwa hasira, akavuta kiti.