Kikombe cha Édouard

Mama mkwe wangu Laurentine ana ugumu wake, na mimi nina wangu, na tulikuwa tunaishi vyumba vitatu Vällingby, huku Uswidi. Basi fikiria mwenyewe. Alifika kutoka Uvira mwaka 2006, macho yote mawili yana mtoto wa jicho, na kitu cha kwanza alichoniomba ni chai. Nikamchemshia kama watu wanavyochemsha: maziwa, tangawizi, sukari ya kutosha. Akaonja, akarudisha kikombe.

"Mkwe wangu, hii ni nzuri. Lakini mimi natamani chai ya Édouard."

Édouard ndiye baba mkwe wangu. Simjui hata kwa picha. Alifanya kazi na Wachina waliokuja kufundisha kilimo cha mpunga bonde la Ruzizi, nao walipoondoka wakamwachia chai iliyoshindiliwa kama tofali. Kila jioni Laurentine alimega kipande kwa msumari, akakichemsha na chumvi kidogo, akafunika kikombe kwa kisahani mpaka mume aingie. Vita vya 1996 vilimkuta Édouard njiani. Hakurudi, na hakuna aliyeona maiti.

Ugomvi wetu ulianzia hapo. Akili, mume wangu, alitaka baba yake aombewe misa ya marehemu, apumzike, na sisi tupumzike. Mama akakataa katakata. Alituuliza, "Nani kamzika?" Neno marehemu likawa halitamkwi nyumbani kwangu.

Nikaanza kutafuta hiyo chai. Msinisifu, nilichoka kurudishiwa vikombe. Nikaleta ya kijani, akasema nimempa majani ya ng'ombe. Nikaleta nyingine kutoka duka la Kista, akasema hiyo ni ya Wazungu.

"Yake ina ladha ya udongo uliopata mvua," aliniambia. "Ukishameza, utamu unakurudia kooni, na sukari hukuweka."

"Mama, hapa udongo umelaliwa na theluji. Nikautoe wapi?"

Akacheka, kisha akageuzia uso dirishani mchana kutwa. Nilimwonea huruma mpaka nikajikasirikia. Wajukuu wanamjibu kwa Kiswidi, dirisha halioni, na mtu anayemtamani hana kaburi.

Mwaka 2009 nikaingia kiduka cha mama mmoja wa Kichina, Sundbyberg. Nikamweleza kwa Kiswidi changu cha kuungaunga: tofali, chumvi, udongo. Akanitolea kitu kizito kwenye karatasi. Nilipokivunja nyumbani, ndani kumejaa vidoa vya manjano. Ukungu! Nilikuwa nimeshafungua pipa la takataka, nikakumbuka yule mama alivyonionya kwamba vidoa hivyo ndio uzuri wake. Haya. Nikaichemsha na chumvi, nikampelekea Mama bila kumwambia imetoka wapi.

Funda la kwanza alilizungusha mdomoni kama mtu anayetafuta mwiba wa samaki. La pili akalimeza polepole, akangoja. La tatu, machozi yakamtoka.

"Ni hii," akasema. "Inatoka Hunan, kwa wale Wachina wake. Édouard alipenda kulitaja jina hilo."

Nikachukua karatasi, nikatazama. Hunan.

Akaomba kikombe cha pili na kisahani. Akamimina kwa kupapasa, akafunika, akakisukuma upande wa meza unaotazama mlango. Akili alitoka kazini akanyoosha mkono kukichukua. Nikampiga kofi mkononi. Tukakaa. Watoto wakauliza kwa Kiswidi ni mgeni gani anakuja. Kila lifti iliposimama kwenye ghorofa yetu, Mama aliinua uso. Na mimi, mkaidi mzima, nikajikuta natega sikio.

Alikigusa kikombe mara kwa mara. Mwishowe akaondoa kisahani, akainywa chai yote, taratibu, mpaka machicha.

"Imepoa," akasema. "Nimempikia yake mwenyewe, nimemfunikia, hakuja."

Akautafuta mkono wa Akili, akaushika.

"Kesho nenda kwa padri, mwanangu. Mwambie marehemu anaitwa Édouard."