Kupanda Wundanyi na Gari Linalochemka

Nilipoolewa Voi sikuambiwa kwamba nina mke mwenza, na kwamba mwenzangu ni gari. Mimi ndiye niliyekunywa maji ya chumvi.

Maji tuliyokuwa tukichota miaka ile ya tisini yalikuwa na chumvi kweli, hata birika likawa na ukoko mweupe ndani. Mume wangu alisema ukoko ule ule huziba mishipa ya rejeta, maji yakashindwa kuzunguka na injini ikachemka. Basi mvua ikinyesha, pipa la chini ya mchirizi lilikuwa la gari. Maji matamu ya paani yakanywewa na chuma, sisi na watoto tukapikia ya kisima. Nilisema mpaka nikachoka, na mimi sichoki upesi.

Lilikuwa gari dogo la spoti, jekundu, la viti viwili, paa lake turubai, zee kuliko ndoa yetu. Alilinunua kwa meneja mmoja wa shamba la mkonge aliyekuwa akirudi kwao. Kila mwaka baada ya masika, wenye magari kama hayo walikuja kutoka Nairobi na Mombasa, wakakutana Voi, kisha wote wakapanda Wundanyi kwa njia ya Mwatate. Walikuwa na ada yao: ambaye injini yake itachemka kwanza mlimani ndiye atakayewapikia wenzake chai wakifika. Maji ya moto si anayo tayari, walisema.

Mume wangu alipika chai hiyo miaka na miaka. Chai yake ya tangawizi ikasifiwa na watu wa kila kabila, naye akicheka nao. Lakini mimi nilijua kicheko kile kilikuwa cha kujikaza.

Kulikuwa na mtu wa Mombasa aliyelitamani gari lile. Kila mkutano aliuliza kama linauzwa. Mume wangu alijitapa, "Chema chajiuza." Nami nikamjibu, "Na kibaya chajitembeza, ila hili letu hata kujitembeza haliwezi."

Mwaka mmoja, asubuhi ya mkutano, aliniambia mwenyewe, akiwa anafunga mipira ya maji, "Bibie, likichemka tena leo, nampa yule mtu. Nimechoka kuwa mpishi."

Nilifurahi. Nikavaa buibui langu jipya, nikapanda kumsindikiza mke mwenza.

Asubuhi ile alikuwa ameamka kuisafisha rejeta kwa mswaki. Vipepeo weupe walikuwa wengi barabarani baada ya mvua, wakinaswa kwenye mapezi ya rejeta, naye aliwatoa mmoja mmoja, bawa kwa bawa. Alinieleza kwa mara ya mia: maji ya moto hupita pale, upepo wa mbele huyapooza, na hata bawa la kipepeo ni kizuizi. Akapima mkanda wa feni kwa kidole, akajaza maji ya mvua mpaka shingoni.

Mpaka Mwatate mambo yalikuwa shwari. Tulipita mashamba ya mkonge, upepo unatupiga usoni, watoto wanatupungia mikono, na mimi nikajikuta napunga pia. Kisha barabara ikainuka. Kona ya kwanza, ya pili, gia ikarudi chini, na mshale wa joto nao ukaanza kupanda.

Nilimtazama na furaha yangu yote ikaniishia. Alikuwa ameshika usukani kama mtu anayemshika mgonjwa. Hapo nikajua sitaki liuzwe. Nilitaka lifike juu, nililitaka kwa moyo wote, na nikakasirika kwamba nalitaka.

"Simama," nikamwambia.

"Bado halijachemka."

"Ndiyo maana nasema simama."

Akaliegesha kivulini, injini ikinguruma polepole. Nikashuka, nikaenda mbele. Kila mwaka chama cha wenye magari hayo kilimpa kila aliyehudhuria beji ya bati, pana kama sahani. Wenzake walizitundika ukutani nyumbani. Mume wangu, kwa kuwa hakukosa mkutano hata mmoja, alizifunga zote kwenye wavu wa mbele ya gari, mpaka ukawa kama kabati la vyombo vya arusi.

"Umeamka kutoa mabawa ya vipepeo kwa mswaki," nikasema, "kisha umeziba dirisha kwa masahani. Upepo upite wapi?"

Alizitazama. "Hiyo ni miaka yangu yote, mama."

"Miaka yako nitakupakatia."

Akachukua spana. Alizifungua taratibu, akinipa moja moja, nami nikazipanga mapajani. Zilikuwa za moto, zikanichoma juu ya buibui jipya, lakini nilizishika. Tukaendelea. Mshale ukasimama, ukatetemeka, kona mbili baadaye ukaanza kushuka. Nilianza kuimba. Sijui kuimba, na mume wangu alijua, lakini akaitikia.

Wundanyi kulikuwa na ukungu na baridi ile inayokufanya utafute jua. Tulikuta magari yote yamefika, hakuna aliyechemka, na watu wamesimama wakipiga miayo wakingoja chai. Mfanyabiashara mmoja wa vipuri, mtu wa bara aliyehamia Voi, alitujia amekunja uso. "Mzee, sasa umekuja mkavu, tutakunywa nini?" Hakuna aliyekuwa amebeba hata kijiko cha majani. Mume wangu alicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu tuoane, akatoa sufuria, majani na tangawizi nyuma ya kiti. Alikuwa amevibeba, maskini, kwa kutojiamini.

Chai ikiwa motoni, mtu wa Mombasa akaja na swali lake. Mume wangu akanionyesha mimi kwa mwiko. "Muulize huyu."

"Haliuzwi, shemeji," nikamwambia. "Nimelipandisha mimi."

Watu walicheka. Mume wangu hakucheka. Alikuja, mikono yake imejaa grisi, akaushika mkono wangu mbele ya watu wote, na hakuuachilia mpaka chai ilipofurika ikazima moto.