Betri Chumbani kwa Baba Mkwe

Kwa Wanyakyusa wa Makwale, wilayani Kyela, wanaoshika mila, mke wa mtoto hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake, halitaji jina lake, wala haingii chumbani kwake. Tusajigwe aliyakubali hayo yote siku alipoolewa na Godlove. Hakujua kwamba angekuja kuwa fundi wa intaneti, na kwamba nguzo ya antena yake ingesimama nje ya dirisha la chumba hichohicho.

Mahali pengine pa kuisimika hapakuwepo. Makwale ni tambarare ya mpunga na migomba, na nyumba ya baba mkwe, mzee Anangisye, ndiyo iliyobahatika kupata mwinuko. Kutoka hapo intaneti ilirushwa kwa wanunuzi wa kakao, kwa walimu, na kwa kila kijana mwenye simu na uvivu. Watu wakaanza kumwita Mama Waifai, naye akaanza kutembea kwa maringo kidogo. Alistahili.

Tatizo lilikuwa mvua. Mvua ya Kyela ikiingia, umeme unaaga. Tusajigwe akanunua betri na inveta, akaviweka jikoni, upande wa pili kabisa wa nyumba, maana huko ndiko alikokuwa na uhuru. Inveta iliugeuza umeme wa betri, yaani DC, uwe AC kama ule wa ukutani. Waya mrefu ukaupeleka hadi kwenye nguzo, na huko adapta ikaugeuza tena kuwa DC, kwa sababu antena haitaki mwingine. Ilikuwa kama kumimina mchele kutoka guniani kwenda kwenye ndoo, kisha kuurudisha guniani: kila ukimimina, kuku wanapata chao. Jua halijazama, betri ilikuwa hoi na wateja wanapiga simu kulalamika.

Wengine hawakupiga simu. Walikwenda kugonga dirisha la mzee kumuuliza mtandao umekwenda wapi. Mzee Anangisye, ambaye ujanani alikuwa fundi umeme wa meli pale bandari ya Itungi, uvumilivu ukamwishia. Akamwambia mkewe kwa sauti ya kumfikia mtu aliyeko jikoni:

"Mama Godlove, mwambie mkamwana wako. Ikizimika tena, nguzo inashuka."

Nguzo ile ndiyo ilikuwa kazi yote ya Tusajigwe, na Godlove alikuwa ng'ambo, Malawi, kwenye biashara zake. Tusajigwe akaiweka inveta pembeni, akaunga waya moja kwa moja kutoka kwenye betri, DC kwa DC, akasubiri. Mvua ikashuka, umeme ukakatika, antena ikawaka. Ikazima. Ikawaka. Ikazima. Kutoka chumbani kwake mzee akacheka mpaka akapaliwa.

"Mama Godlove, mwambie DC ya betri moja haiwezi safari ndefu kwenye waya mwembamba. Inafika imechoka!"

"Mama, mwambie baba najua!" Tusajigwe akajibu, machozi ya hasira yakimlengalenga. "Lakini betri ikae wapi? Nje italowa. Karibu na nguzo ni chumbani kwake, na betri ni kitu cha kukaguliwa kila mara. Nitaingiaje mimi?"

Mama mkwe alikuwa amesimama katikati, mwiko mkononi. "Mmesikiana nyote," akasema. "Mimi hapa mnanifanya waya. Ugali wangu unaungua."

Asubuhi Tusajigwe akachukua spana. Aliona heri aishushe nguzo mwenyewe kuliko kusimama akitazama ikishushwa. Kabla hajafungua nati ya kwanza, akasikia kitanda kikiburutwa ndani, na mama mkwe akatoka na kapu la kwenda shambani.

"Baba yako amehamia chumba cha mbele," akasema. "Anasema betri inakihitaji hiki kuliko yeye. Ingia, usiniulize mimi."

Akaenda zake kuchuma kakao.

Tusajigwe akaingia kwa mara ya kwanza katika chumba kile. Chini ya dirisha palikuwa na kimeza kipya cha mbao, kimo chake sawasawa na betri ilivyotaka, na juu yake vipande viwili vya waya mnene, vifupi, ncha zimeshachunwa kwa mkono wa mtu anayejua. Akaleta betri, akaunga, kisha akaenda kuzima swichi kuu ya nyumba. Antena haikupepesa. Wateja wasingejua lolote, na hiyo ndiyo furaha ya fundi.

Akarudi chumbani, akapiga magoti kuelekea ukutani.

"Mama," akasema kwa sauti ya kuvuka ukuta, "mwambie baba ndaga fijo, asante sana."

Mama mkwe alikuwa mbali shambani, na wote wawili walijua.

Upande wa pili mzee akakohoa.

"Mama Godlove," akasema taratibu, "mwambie mwanangu nimesikia."