Saa Nzuri ya Kuwapeleka Mama Wawili Pujini

Binti yangu Wahida alipoposwa nilidhani shida itakuwa ukumbi. Kumbe shida ilikuwa bibi zake. Mimi nina mama wawili. Mama Riziki ndiye aliyenizaa, naye anakaa Chake Chake. Bi Mwanakombo ni mke mkubwa wa marehemu baba yangu. Hakujaaliwa mtoto, akanilea miaka mingi nyumbani kwake Micheweni. Baba alipokuwa hai wake wenza hawa walipatana vizuri tu. Eda ilipokwisha wakagombania redio yake, ile ndogo yenye mkanda aliyokuwa akiibeba begani hadi shambani, na tangu siku hiyo sijawaona wamekaa chumba kimoja. Wahida naye akasema bibi zake wote wawili wasipokuja, yeye hatoki ndani siku ya harusi. Namjua mwanangu, akisema hatoki, hatoki.

Nikapiga simu Pemba. Mama akasema, "N'takuja, lakini yule akija, mie siji." Bi Mwanakombo akasema maneno yale yale, ila kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha. Halafu kila mmoja, bila kujua la mwenzake, akanipa sharti: kabla ya kuzungumza habari za harusi nimpeleke kwanza Pujini, akaone magofu ya jumba la Mkama Ndume, mtawala wa kale, kwa sababu baba alimwahidi kumpeleka tangu ujanani na hakumpeleka. Baba, Mungu amrehemu, hakuwa mchoyo wa ahadi. Alimpa kila mke ya kwake, na ilikuwa ile ile.

Basi nikakaa kupanga. Mimi ni mshonaji hapa Unguja, na mshonaji hakati kitambaa kabla ya kupima. Nikawauliza wote niliowajua waliowahi kufika Pujini, saa gani ni nzuri. Wengine wakasema asubuhi mapema, jua halijachoma. Wengine wakasema alasiri, miti ikishatupa vivuli. Nikaona Mungu kanirahisishia: saa nzuri mbili, mama wawili. Tena Mama hukaanga vitumbua asubuhi na haondoki mpaka viishe, na Bi Mwanakombo ana chuo cha Kurani ambacho watoto huja alasiri. Kwa hiyo Bi Mwanakombo asubuhi, Mama alasiri, na katikati nafasi ya kutosha wasikutane hata njiani. Nilijiona nina akili za kuuza.

Jumatano asubuhi nikapanda boti, nikashuka Mkoani. Binamu yangu Khamis alikuwa akinisubiri na gari. Khamis ni mtu mwema mwenye kilema kimoja, hajui kusema uongo. Tukashika njia ya kaskazini, vilima vinapanda na kushuka, mikarafuu huku na huku, na kila penye uwanja karafuu zimeanikwa juu ya majamvi mpaka harufu inaingia ndani ya gari vioo vikiwa vimefungwa. Tulipopita Chake Chake niliinama chini ya kiti, majirani wa Mama wasije wakaniona nampita mlangoni kwenda kulala kwa mke mwenzake.

"Da Maryamu, umeangusha kitu?" Khamis akauliza.

"Endesha gari," nikamwambia.

Kufika Micheweni udongo ulikwisha, yakabaki mawe, na mwani umeanikwa kando ya njia. Bi Mwanakombo alikuwa mlangoni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Kwani huko Unguja hamli?"

Nikala mpaka nikashindwa kuinama. Habari ya harusi sikuigusa, naye hakuigusa.

Alkhamisi, baada ya sala ya alfajiri, tuliondoka. Bi Mwanakombo alivaa buibui lake la Idi na viatu vipya, akakaa mbele, akawa anamwonyesha Khamis mashimo ya barabara ambayo Khamis alikwisha kuyaona. Tulipopita Chake Chake sikuinama tena, maana Mama asubuhi yuko jikoni. Tukakata kushoto, lami ikaisha, tukapita mashamba ya muhogo na mabonde ya mpunga hadi Pujini.

Mtunza magofu anaitwa Faki, mtu wa makamo, tukamkuta na panga anafyeka majani kwenye ngazi. Alitupokea kama wageni wa harusi. Akatuonyesha boma la udongo na mawe lililozunguka mahali pote, ngazi za kupandia juu yake, na bonde ambalo anasema zamani maji ya bahari yaliingia vyombo vikafika hadi mlangoni. Akatuhadithia jinsi wazee wanavyosema mtawala yule alivyowabebesha watu mawe, huku wakisota kwa matako.

"Kwa matako?" Bi Mwanakombo akashangaa. "Na mawe kichwani?"

"Ndivyo wasemavyo, mama."

"Basi kama ndivyo, alistahiki kuachiwa jumba likaanguka."

Kulikuwa na chumba cha chini ya ardhi. Faki akamkaribisha ashuke, akakataa. Akasema shimoni ataingia siku yake ikifika, hana haraka.

Haraka nilikuwa nayo mimi. Jua lilikuwa limeshapanda, naye amekaa juu ya jiwe anasimuliwa habari za kila mti. Nikatazama saa, nikatazama tena.

"Weye waharakia n'ni?" akaniuliza.

"Chuo, Mama. Watoto watakuja wakukose."

"Chuo? Leo si Alkhamisi?"

Kweli, ilikuwa Alkhamisi. Chuo hufungwa Alkhamisi, hakifunguliwi mpaka Jumamosi. Nimesoma kwake utoto wangu wote, na Alkhamisi ndiyo siku niliyoipenda kuliko siku zote za Mungu, leo nikaisahau. Miaka ya mjini hiyo.

Saa sita Khamis akaja kumchukua amrudishe Micheweni kama tulivyopanga. Bi Mwanakombo hakuinuka. "Jua la utosi hino," akasema. "Mtu hapiti penye mahame saa hino. Wenyewe wapita." Faki akamuunga mkono, akasema kwake ni karibu, twende tukapumzike. Nikabembeleza, nikaomba, nikasema majini hayana habari na sisi. Bi Mwanakombo akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyetia kidole puani, akafungua mwavuli wake akaondoka na Faki.

Nikamvuta Khamis pembeni. "Nenda Chake. Mcheleweshe Mama. Mwambie gari imeharibika, mwambie lolote."

"Lakini haikuharibika."

"Khamis!"

"Haya, Da Maryamu," akasema, na kwa jinsi alivyosema nilijua nimepotea.

Nyumbani kwa Faki mkewe alitupakulia muhogo wa nazi na samaki wa kukaanga. Bi Mwanakombo akala, akaswali adhuhuri, akajinyoosha kwenye mkeka akalala usingizi mzito. Mimi sikupata hata lepe. Nikampigia Khamis simu, hapokei, kwa sababu mimi mwenyewe jana nilimkataza kupokea simu akiwa anaendesha. Niliwaza maneno watakayotupiana, niliwaza Wahida ndani ya chumba na shela lake, mlango umefungwa kwa ndani. Nilikuwa na hofu ya kweli.

Alasiri Bi Mwanakombo akaamka, akaswali, akasema kabla ya kuondoka lazima aone kisima, maana hicho ndicho baba alichokuwa akimsimulia. Tukarudi magofuni. Sasa nilielewa waliosifu saa hii. Majani yalikuwa yametulia, mawe yamepoa, na mtu anaweza kuona ngazi moja moja.

"Hapa," Faki akasema. "Mtawala alikuwa na wake wawili hawapatani. Basi akajenga ukuta kati ya kisima. Mmoja anashuka kwa ngazi upande huu, mwenzake anateka kwa kamba upande ule. Wote wanywa maji mamoja na hawaonani." Ukuta wenyewe hauonekani tena, kwa hiyo akatuchorea kwa ncha ya panga pale anapodhani ulipita.

"Na mke mkubwa alikuwa upande gani?"

Sauti ilitoka nyuma yetu. Alikuwa Mama, amesimama na mkoba wa vitumbua mkononi. Nyuma yake Khamis anatazama miti. Baadaye nilijua mambo yalivyokwenda. Mama alimuuliza Khamis, "Maryamu yuko wapi?" akasema Pujini. "Na nani?" akasema na Bi Mwanakombo. Mama akafunga mkoba, akaingia garini bila kuambiwa.

Faki hakujua lolote, akafurahi kupata mgeni mwingine. "Hilo halikusemwa, mama."

Bi Mwanakombo hakugeuka. "Mkubwa ndiye wa ngazi," akamwambia Faki. "Ana heshima yake. Hawezi kuvuta kamba kama anavuta nyavu."

"Mkubwa magoti yamuuma," Mama naye akamwambia Faki. "Atashukaje ngazi na mtungi? Mkubwa apewe kamba, mdogo ndiye ashuke."

"Magoti ya nani yauma?"

"Ya kwako. N'mekuona hapo unavyokanyaga."

Nilifumba macho. Nikamsikia Bi Mwanakombo akisema, "Yauma kweli, Riziki. Tangu masika."

Nilipofumbua, walikuwa wanatazamana, kila mmoja upande wake wa mstari wa Faki. Mama akamgeukia Faki tena. "Na huo ukuta, wake wenyewe ndio waloutaka?"

"La. Kajenga yeye."

"Kawauliza?"

"Watawala hawaulizi, mama."

Hapo wote wawili wakanigeukia mimi. Najua kwamba sikuwa nimejenga chochote, lakini nilitamani chumba kile cha chini ya ardhi.

"Khamis kaniambia yote," Mama akasema. "Mmoja asubuhi, mmoja alasiri. Na Idi ile nilotaka kwenda Micheweni, ukanambia Bi Mwanakombo kenda Wete."

"N'mekwenda Wete?" Bi Mwanakombo akasema. "Idi gani? Mie nilikuwa nyumbani napika. Na mie nilipokuja hospitali Chake, nikamwambia huyu anipitishe kwa Riziki, akasema Riziki kasafiri."

"Nimesafiri wapi mie na vitumbua?"

"Nilitaka amani tu," nikasema. "Niliogopa mtagombana."

"Tungegombana," Bi Mwanakombo akasema. "Tungegombana siku moja, yakaisha. Sasa tumekaa miaka yote hino tukingojana." Akamgeukia Mama. "Na redio?"

"Ilikufa. Haikufika hata mwaka."

"Hukunambia."

"Ningekwambia wapi, na weye kila siku uko Wete?"

Bi Mwanakombo ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mti. "Hata uzima wake haukuwa uzima. Haikusema mpaka ipigwe kofi."

"Na marehemu akishaipiga anaiomba radhi!" Mama akasema, na mara akawa anacheka na kulia pamoja, anajifuta kwa ukaya wake wa kichwani. Bi Mwanakombo akaukanyaga mstari wa Faki kwa viatu vyake vipya, akamshika mkono. Nilifurahi, na niliona haya vilevile, kwa sababu kazi niliyoifanya kwa bidii miaka yote ile ilikuwa ya kuwatenganisha.

Tukakaa pale kisimani tukala vitumbua. Faki alipewa vinne, akasema hajapata kuona wageni wakakipenda kisima namna hii. Jua lilipoanza kuzama akatuhimiza tuondoke kabla ya magharibi, na Bi Mwanakombo safari hii akainuka wa kwanza. Garini walikaa nyuma wote wawili. Mimi nikakaa mbele na Khamis, na sikumlaumu.

Ijumaa tulishinda kwa Mama Chake Chake. Nilitaka kumrudisha Bi Mwanakombo kwake, akaniambia amekwisha kupiga simu, mtoto wa ndugu yake atashika chuo. Jumamosi nilipofunga begi langu nikakuta mabegi mengine mawili mlangoni.

"Haya ya nani?"

"Yetu," Mama akasema. "Twenda na weye Unguja."

"Mama, harusi bado mwezi mzima!"

"Na singo ya kumsugua biharusi nani ataisaga?" Bi Mwanakombo akauliza. "Weye na cherehani yako? Na liwa ya kumpaka mwilini je? Na nani atamfunza adabu za kukaa ndani?"

Nikayabeba mabegi. Nilikuwa nimekwenda Pemba kuomba siku moja tu ya bibi wawili, nikapewa mwezi.

Ndani ya boti kutoka Mkoani nilipata viti vitatu vya pamoja, nikajiweka katikati kwa mazoea. Bi Mwanakombo akanigonga begani. "Nenda kakae kule mbele, mwanangu. Tuna maneno yetu." Nikaenda. Tangu nilipoketi mpaka tunaiona Unguja niliwasikia wakisema kwa zamu na kwa pamoja, na mara mbili nilisikia jina langu likifuatwa na kicheko.

Ndugu msomaji, ukitaka kwenda Pujini, nakupa nilichojifunza. Asubuhi utapata hewa nzuri na nafasi ya kupanda ngazi pole pole. Alasiri utaona kisima vizuri zaidi. Adhuhuri nenda kwa watu ukale. Na usimpangie mtu mzima nani asikutane naye, hata ukiwa unampenda, maana huenda yeye amekaa anamsubiri.

Bandarini Wahida alikuja kunipokea. Alimwona Mama akishuka, akamwona Bi Mwanakombo nyuma yake, mmoja kamshika mwenzake mkono kwa sababu ya magoti. Alisimama, mkono mdomoni. Halafu akanikimbilia mimi kwanza, akanikumbatia.

"Mama, umewapatanisha vipi?"

"Nilikosea saa," nikamwambia.